Sura ya 6: Nani Amesema Flashi Imejaa?

Katika swichi za Catalyst za familia ya 2960 na 3750, ambazo Cisco iliziuza kwa wingi na ambazo bado zinafanya kazi katika makabati ya mitandao ya maofisi na vyuo, kuna jibu moja linalomwacha fundi akikodoa macho. Anaandika amri ya kuhifadhi usanidi, write memory, kama alivyozoea. Skrini inamwambia imeshindwa kulifungua faili flash:/config.text.new. Mstari unaofuata unasema imeshindwa kulifungua na private-config.text.new. Kisha, bila hata kushuka mstari, inamalizia kwa neno OK. Mashine imekana na kukubali kwa pumzi moja. Fundi mwenye haraka huishika ile OK na kwenda zake. Fundi mwenye hofu huishika ile hitilafu, huamua kwamba flashi imekufa, na kuanza kuandika barua ya kuomba swichi mpya. Wote wawili wamesoma maneno yaleyale, na hakuna kati yao aliyejiuliza ni sehemu gani ya mashine iliyotamka nini.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe linafundisha mengi. Swichi hizo hazina chipu ya pekee ya kutunzia usanidi. Kile ambacho amri hukiita nvram ni mwigo tu: usanidi ni faili la kawaida, config.text, lililokaa kwenye flashi ileile inayobeba mfumo endeshi. Unapohifadhi, swichi haiandiki juu ya faili la zamani, maana umeme ukikatika katikati ungebaki bila la zamani wala jipya. Huandika kwanza faili jipya kando, kisha hubadilishana majina. Kwa hiyo kutofunguka kwa faili hilo jipya kunaweza kuwa na maana ya kwamba nafasi imekwisha, au flashi imefungwa isiandikwe, au mpangilio wa mafaili umevurugika, au chipu yenyewe inakata roho. Na ile OK? Inatoka kwenye sehemu nyingine ya programu, ambayo kazi yake ilikuwa kuuandaa usanidi na kuukabidhi. Imeukabidhi. Yaliyotokea baadaye haikuyaona.

Hoja ninayoijenga katika sura hii ni kwamba ujumbe wa hitilafu wa mfumo wa faili ni ushahidi wa aliyesimama mahali fulani, akaona kipande, akasema alichokiona kwa msamiati finyu aliopewa. Unaonyesha mahali tatizo lilipogonga, na mara chache sana unaonyesha lilipoanzia. Kwenye hifadhi ya flashi ya swichi umbali kati ya sehemu hizo mbili huwa mrefu kuliko kwenye kompyuta ya mezani, kwa sababu ya tabia ya flashi yenyewe na kwa sababu ya idadi ya matabaka yaliyorundikwa juu yake. Ndiyo maana dawa inayokimbiliwa na wengi, yaani kufomati, mara nyingi ni kumfukuza shahidi kabla hajamaliza kuzungumza.

Tuanze na ufinyu wa msamiati, maana hapo ndipo uongo mwingi usio na mwongo unapozaliwa. Tangu Unix ya miaka ya 1970, kerneli inaposhindwa kutimiza ombi huirudishia programu namba moja ndogo. Namba 5 ni hitilafu ya kusoma au kuandika, namba 2 ni faili kutokuwepo, namba 30 ni mfumo wa faili usioruhusu kuandikwa, na namba 28 ni kifaa kutokuwa na nafasi. Hakuna sentensi inayoambatana na namba hiyo, wala jina la aliyeshindwa. Programu ya juu hutafsiri namba kuwa maneno kutoka kwenye orodha iliyokwishaandikwa, na fundi huyasoma maneno hayo kana kwamba yametungwa kwa ajili ya tukio lake. Namba 25 katika orodha hiyo kwa miaka mingi ilitafsiriwa kuwa "si taipureta", na watu waliokuwa wakituma barua pepe waliupata ujumbe huo bila kuwa na taipureta popote karibu. Tunaucheka huo kwa sababu upuuzi wake uko wazi. Ule wa namba 28 hatuucheki, kwa sababu unafanana na ukweli.

Na sababu za namba 28 ni nyingi. Ya kwanza ni ile inayosemwa: baiti zimekwisha. Lakini swichi nyingi za leo zinaendeshwa na Linux kwa ndani, kama zile za Arista zenye EOS au zile zinazotumia SONiC iliyotoka Microsoft, na kwenye Linux kuna sababu nyingine kadhaa. Mfumo wa ext4 hutenga tangu siku ya kufomatiwa idadi maalumu ya vitambulisho vya mafaili, kwa kawaida kitambulisho kimoja kwa kila kilobaiti 16. Programu ikimwaga maelfu ya mafaili madogo ya kumbukumbu za matukio, vitambulisho huisha wakati baiti bado zipo tele, na jibu linalotolewa ni namba 28 ileile. Mfumo huohuo huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu, hivyo programu ya kawaida huambiwa pamejaa huku mtumiaji mkuu akiendelea kuandika bila shida. Cha ajabu zaidi, programu inayoomba kuarifiwa mabadiliko ya mafaili ikivuka kikomo cha maombi yanayoruhusiwa, nayo hujibiwa kwamba kifaa hakina nafasi. Hapo hakuna kifaa chochote kinachohusika. Kilichofikiwa ni kikomo cha hesabu ndani ya kerneli, na mtu anaweza kufuta mafaili mchana kutwa bila ujumbe kubadilika hata herufi.

Mfano wa kadi za CompactFlash unaonyesha jambo hilo kwa hesabu. Swichi kubwa kama Catalyst 6500 zilitumia kadi hizo, na kadi hufomatiwa kwa mfumo wa FAT uliotumika kwenye DOS. Katika FAT16, saraka kuu ina idadi ya nafasi isiyobadilika, kwa kawaida 512. Jina refu la faili halikai kwenye nafasi moja: kila herufi 13 hula nafasi yake, na juu yake kuna nafasi moja ya jina fupi. Faili lenye jina la herufi 40, urefu wa kawaida kwa mafaili ya mfumo endeshi, linaweza kula nafasi tano. Gawanya 512 kwa tano upate mafaili 102. Faili la 103 litakataliwa hata kama kadi ni ya gigabaiti moja na imetumika robo tu. Tiba si kufuta faili kubwa kuliko yote, kama kila mtu anavyofanya. Tiba ni kufungua saraka ndogo na kuyahamishia mafaili humo, kwa kuwa saraka ndogo haina kikomo hicho. Tazama jinsi ujumbe ulivyompeleka mtu kwenye ukubwa, kumbe shida iko kwenye idadi.

Tukija kwenye tabia ya flashi yenyewe, mambo yanazidi kunoga. Kwenye chipu ya flashi unaweza kuigeuza biti kutoka moja kwenda sifuri wakati wowote, lakini kuirudisha kwenye moja ni lazima ufute bloku nzima, ambayo kwenye chipu za NOR mara nyingi ni kilobaiti 64 au 128. Kufuta faili, basi, si kuondoa chochote. Kwenye swichi za zamani zenye flashi ya mstari, amri ya delete iliweka alama tu kwamba faili limefutwa, na baiti zake ziliendelea kuhesabiwa kuwa zimetumika hadi fundi atoe amri ya squeeze, inayokusanya yaliyo hai na kusafisha bloku. Aliyetoka kwenye kompyuta alifuta, akaangalia, akakuta nafasi haijaongezeka, akadhani amri imeharibika au chipu ni mbovu. Kwenye mifumo mipya zaidi mtego umegeuka sura. JFFS2, uliotengenezwa Red Hat mwaka 2001, ni mfumo unaoandika mbele daima na kamwe haurudi nyuma kusahihisha, hivyo hata kufuta faili kunahitaji kuandika kumbukumbu mpya inayosema kwamba jina lile halipo tena. Flashi ikijaa kabisa, amri ya kufuta inaweza kujibiwa kwamba hakuna nafasi. Mtu anayetaka kupunguza anaambiwa hawezi kwa kuwa pamejaa, na akilini mwake hiyo haina maana nyingine isipokuwa kwamba kifaa kimeharibika. Kumbe kifaa kinafanya kazi kama kilivyosanifiwa. UBIFS, ulioingizwa kwenye Linux mwaka 2008, unakiri wazi kwamba nafasi unayotangaza ni makadirio tu, kwa kuwa unabana data kabla ya kuiandika na hauwezi kujua mapema itabanika kiasi gani. Namba ya nafasi iliyobaki, ambayo sisi huichukulia kama salio la benki, hapo ni ubashiri wa mtu mwangalifu.

Kuna pia hitilafu ambazo zinatajwa kwenye flashi ilhali flashi haijaguswa. Nyingi huzaliwa kwenye TFTP, itifaki ndogo iliyorahisishwa kupita kiasi ambayo wasimamizi wa mitandao hawataki kuachana nayo. Kwa mujibu wa RFC 1350 ya mwaka 1992, kila pakiti hubeba baiti 512 na hupewa namba ya biti 16. Namba hizo huishia 65,535, hivyo faili lisilozidi takriban baiti milioni 33.5 hupita, na lililo kubwa zaidi hupita tu kama pande zote mbili zinakubali kuzungusha namba au kutumia pakiti kubwa, jambo lililoruhusiwa na RFC 2348 ya mwaka 1998. Kuna seva zilizohesabu kwa namba yenye alama ya kujumlisha na kutoa, hizo hukwama kwenye nusu ya kiasi hicho. Uhamishaji hufika mahali palepale na kufa, kila mara. Fundi anaona faili lililokatika kwenye flashi, anaona kwamba kila akirudia linakatika pale pale, na kurudia huko kunamshawishi kwamba kuna bloku mbovu. Lakini bloku mbovu ina anwani yake kwenye chipu, haina uhusiano na umbali kutoka mwanzo wa faili. Faili likikatika karibu na megabaiti 16 au 32, bila kujali limeandikwa wapi, hiyo ni sahihi ya TFTP. Amri ya ip tftp blocksize, au kuhamia itifaki ya SCP, humaliza kesi.

Hata ruhusa inaweza kukataliwa mahali pengine. Seva nyingi za TFTP za mtindo wa Unix hukataa kupokea faili ambalo halipo tayari kwenye saraka yao, na hutaka liwe wazi kuandikwa na yeyote. Swichi ikijaribu kupeleka nakala ya usanidi huko hujibiwa kwamba ruhusa imekataliwa, nayo huuchapisha ujumbe huo kwenye konsoli yake. Anayesoma konsoli anaona swichi ikilalamika, na hana cha kumwonyesha kwamba swichi inasoma barua ya mwingine.

Kwenye swichi zilizounganishwa kuwa rundo, swali la nani amesema huwa swali la eneo kabisa. Rundo la Catalyst 3750 linaweza kuwa na swichi tisa zinazoonekana kwa msimamizi kama moja, lakini kila moja ina flashi yake. Ukiandika dir flash: unaonyeshwa flashi ya swichi kuu pekee. Amri ya archive download-sw, inayosambaza mfumo endeshi mpya kwa wanachama wote, inaweza kukataa kwa sababu mwanachama wa nne hana nafasi, pengine ana toleo la zamani lenye flashi ndogo au kuna mtu aliacha mabaki ya majaribio humo. Fundi anaangalia flashi ya swichi kuu, anaona megabaiti za kutosha, anaamua kwamba mashine inadanganya. Haidanganyi, inaongelea flash4:, na yeye anatazama flash1:. Swichi za EX za Juniper zina mtego wa jamii hiyo. Miundo kama EX2200 na EX4200 hugawa flashi ili kuwe na nakala mbili za mfumo, na umeme ukikatika vibaya na kuiharibu ya kwanza, swichi huamka kutoka ya pili na kuonyesha onyo unapoingia. Asiyelisoma onyo hilo hushangaa kuona programu ya toleo la zamani, akadhani ile mpya aliyoiweka mwenyewe imefutika. Kwa nchi zinazoishi na mgao wa umeme hili halihitaji maelezo marefu.

Hadi hapa nimeonyesha kwamba ujumbe unaweza kupotosha. Je, kuna njia ya kuuliza ambayo haipotoshi? Ipo, na nzuri kuliko zote ni ya bei rahisi: kulisoma faili mara mbili. Amri ya verify /md5 hukokotoa alama ya utambulisho ya faili zima. Ikokotoe, kisha ikokotoe tena. Alama mbili zikiwa sawa na zikilingana na ile ya mtengenezaji, faili ni zima na malalamiko yanatoka kwingine. Zikiwa sawa zenyewe kwa zenyewe lakini zikatofautiana na ya mtengenezaji, basi flashi inasoma vizuri kabisa kitu kibaya: faili liliharibika kabla au wakati wa kuandikwa, labda kwa FTP iliyowekwa kwenye hali ya maandishi, ambayo hubadilisha alama za mwisho wa mistari na kuharibu faili lolote la programu. Lakini zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, usomaji wenyewe hautulii, na hapo una haki ya kuishuku chipu, kumbukumbu ya RAM au njia inayoziunganisha. Jaribio moja la dakika chache limetenganisha familia tatu za sababu, kazi ambayo ujumbe wa kuwashia kama ule wa magic number mismatch hauwezi kuifanya, kwa kuwa ujumbe huo unajua jambo moja tu: baiti za mwanzo si zile zilizotarajiwa.

Njia ya pili ni kumpa msomaji mwingine kitu kilekile. Kadi ya CompactFlash iliyofomatiwa kwenye kompyuta inaweza kusomwa bila tatizo na IOS, mfumo endeshi wa Cisco, ikakataliwa na ROMMON, ile programu ndogo ya kuwashia, kwa sababu ROMMON hutegemea kipande cha programu ambacho IOS hukiandika kwenye kadi inapoifomati yenyewe. Wasomaji wawili, kadi moja, majibu mawili: hapo tayari unajua kwamba chipu ni nzima. Njia ya tatu ni mpangilio wa wakati. Ext4 huwekewa mara nyingi sharti kwamba ikikuta hitilafu nzito ijifunge isiandikwe tena. Kuanzia hapo kila programu inayojaribu kuandika hupokea namba 30, na skrini hujaa malalamiko ya mfumo usioandikika, mia kwa mia ya kweli na mia kwa mia yasiyo na msaada. Mstari wenye maana ni ule mmoja uliotangulia yote, wa hitilafu ya kusoma, ambao huenda umekwishasukumwa nje na kelele zilizofuata. Ajabu iliyoje kwamba mfumo uliojifunga hauwezi hata kuandika kwenye flashi kwa nini ulijifunga. Ndiyo maana kumbukumbu za matukio zinazopelekwa kwenye seva ya mbali zina thamani kuliko zile zinazotunzwa ndani.

Kisa kimoja kilichorekodiwa vizuri kuhusu flashi inayosema lisilo la kweli hakikutokea kwenye swichi. Gari la Spirit la NASA lilitua Mirihi mwezi Januari 2004, na tarehe 21 mwezi huo mawasiliano yakaanza kuvurugika. Dhana ya kwanza ilikuwa hali mbaya ya hewa kwenye kituo cha antena karibu na Canberra, Australia. Kisha ikaonekana kwamba gari lilikuwa likijizima na kujiwasha tena, zaidi ya mara 60, na kila mtu angekubali kwamba vifaa vyake vimeharibika. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, waliliamuru liwake bila kuigusa flashi yake ya megabaiti 256, likatulia. Hilo pekee lingetosha kuihukumu flashi kuwa mbovu. Hawakuihukumu. Waliendelea kuuliza, wakagundua kwamba chipu ilikuwa salama: mafaili yaliyokusanyika tangu safari ya miezi saba yalikuwa mengi mno, na mfumo wa faili wa mtindo wa DOS ulihitaji kuiweka orodha yake yote kwenye RAM. RAM haikutosha, kompyuta ikaanza upya, na kila ilipoanza upya ilijaribu kuisoma orodha ileile. Flashi ilikuwa na nafasi. Iliyokosa nafasi ni kumbukumbu nyingine kabisa. Baada ya kufuta maelfu ya mafaili, gari lilirudi kazini na kuendelea hadi mwaka 2010.

Atakayenipinga ataanzia hapohapo: mwishoni NASA nao waliifomati flashi ya Spirit. Ni kweli. Lakini waliifomati baada ya kujua sababu na baada ya kuchukua walichokihitaji, na walibadilisha namna ya kuendesha gari ili orodha isijae tena. Kufomati bila kujua kungewapa majuma machache ya amani, kisha kisa kilekile. Ndivyo ilivyo kwenye swichi. Kufomati huponya hitilafu nyingi kwa muda kwa sababu kunasafisha saraka, kunarudisha vitambulisho, kunaondoa mabaki na kunaandika upya kila kitu. Huponya sababu kadhaa tofauti kwa pigo moja na kwa hiyo hakukuambii ilikuwa ipi. Programu iliyokuwa ikimwaga mafaili itaendelea kumwaga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la muda. Mtandao wa hospitali umezima, simu zinalia, nani ana nafasi ya kukokotoa alama mara mbili? Nakubali kwamba utambuzi una gharama. Ila pingamizi hili linasahau jambo moja la pekee kwa swichi. Swichi inapowaka, mfumo endeshi hupakiwa kwenye RAM, na pakiti husukumwa na chipu maalumu ambazo hazijali flashi iko katika hali gani. Swichi yenye flashi iliyokufa kabisa inaweza kuendelea kupitisha pakiti kwa miezi bila mtumiaji yeyote kuhisi. Kwa hiyo hitilafu ya flashi kwenye swichi inayofanya kazi si dharura, hadi mtu aigeuze kuwa dharura kwa kuizima na kuiwasha. Haraka inayodaiwa hapa mara nyingi ni haraka ya kujitengenezea.

Wa tatu atasema kosa ni la watengenezaji: waandike ujumbe unaoeleweka, wasimlaumu fundi. Nusu ya lawama hiyo naiunga mkono bila kusita. Kuchapisha OK baada ya kushindwa kufungua faili ni uzembe, na amri inayokataa kwa ajili ya mwanachama wa nne ingepaswa kumtaja kwa namba yake kila mara. Lakini nusu ya pili haitengenezeki kirahisi. Tabaka la juu haliwezi kusema lisichokijua, na tabaka la chini halijui mtu wa juu alikuwa akijaribu kufanya nini. Kadiri swichi zinavyozidi kuwa kompyuta za Linux zenye makontena na mifumo iliyopandana, matabaka yanaongezeka, wakati namba inayorudishwa na kerneli bado ni ileile moja.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo ni la kweli: flashi hufa. Kila bloku huvumilia kufutwa idadi fulani ya mara, kama laki moja kwa chipu za daraja la juu na elfu chache kwa zile za bei nafuu. Tesla ilizirudisha gereji takriban gari 135,000 za Model S na Model X nchini Marekani mwaka 2021 kwa sababu chipu ya gigabaiti 8 iliyokuwa ikiandikwa bila kukoma ilikuwa ikichakaa na kuzima skrini pamoja na kamera ya nyuma. Swichi inayotunza kumbukumbu za matukio kwenye flashi yake inaenda njia hiyohiyo polepole. Kifo cha kweli kina dalili zake: namba 5 inayojirudia kwenye anwani ileile ya chipu, alama za MD5 zisizotulia, na tabaka la UBI, lile ambalo UBIFS hukaa juu yake, kutangaza kwamba bloku zake za akiba zimekwisha na kujifunga. Dalili hizo zikionekana, ujumbe ni wa kweli na swichi inahitaji kubadilishwa. Hapo kazi ya kwanza ni kuutoa usanidi unaoendelea kutumika, ambao bado uko salama kwenye RAM, kwa amri ya copy running-config kwenda kwenye seva, na kuandika pembeni namba ya toleo la programu iliyopo. Ya pili ni kuhakikisha hakuna mtu atakayeizima swichi hadi mbadala wake ufike ukiwa umesanidiwa, maana mashine ile haitaamka tena.